Dawa Haishukuriwi

Watu wa Vudoghe hawakusema asante. Walinibebea sanduku la dawa kutoka kituo cha kiberenge cha waya mpaka zahanati, walinipikia makande ya maziwa, walinipangusia benchi kwa kanga kabla sijakaa. Lakini nikishamaliza kumtibu mtu, aliinuka, akachukua fimbo yake au mtoto wake, akatoka bila neno na bila kugeuka nyuma. Wa kwanza alipofanya hivyo nilidhani nimemuumiza. Baadaye nikazoea, na kazi yangu ikawa kukitazama kifungo kwenye kola ya koti langu, jinsi kilivyonuna bila hata chembe ya kijani. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Mimi hata teke sikupata.

Kifungo kile tuligawiwa na Baraza la Huduma, kila mwenye leseni: daktari, mhandisi, wakili, mpima ardhi. Kila mwaka wa tano wa leseni ni mwaka wa kujitolea, na kujitolea huko ni lazima. Nani aliyeyaozesha maneno hayo mawili katika sheria moja sijui, ila nina hakika hakuwahi kupanda Vudoghe. Zamani Baraza lilihesabu saa, watu wakawa wanakwenda kusinzia kwenye ofisi za kata mpaka saa zitimie. Ndipo kikaja kifungo. Hakihesabu saa wala wagonjwa. Kinasikiliza neno la shukrani kutoka kwa mtu uliyemhudumia kwa taaluma yako, kisha kinalipima uzito: sauti, pumzi, mapigo ya damu shingoni. Asante ya mdomoni haiusogezi mstari wa kijani ulio usoni pa kifungo. Asante ya moyoni inausukuma. Mstari ukijaa, leseni inahuishwa; usipojaa, mwisho wa mwezi wa sita leseni inakufa. Na kuomba ushukuriwe ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu kifungo kinakusikia na wewe pia.

Siku za wiki nilikuwa hospitali ya rufaa mjini, zamu juu ya zamu. Jumamosi na Jumapili nilikuwa huku mlimani. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa nalala wima ndani ya kiberenge, nimeshika chuma, kama nguo iliyotundikwa.

"Dokta, umekonda," aliniambia Bibi Namkunda Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nikimulika ndani ya jicho lake. "Nilipokuwa sioni nilijua u mnene. Sauti yako ni ya mtu mnene."

"Nimechoka tu, Bibi. Tazama juu."

"Kuchoka hakukondeshi. Kinachokukondesha ni hayo makande ya Nakijwa."

Nakijwa, mkwewe, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri zamu ya mtoto. Alicheka bila kukasirika. Alikuwa ameshazoea. Tangu mama mkwe wake apate kuona, nyumba nzima ilikuwa haina amani: kanga hii imefuliwa lini, ukuta ule nani aliupaka rangi ya ugonjwa, na huyu ndiye Senzota wa kata, sauti nene hivi, kumbe mtu mwenyewe mfupi!

Presha ya macho ilikuwa imemweka gizani kwa miaka. Matone niliyompa yalikuwa ya aina mpya, yanayoiotesha upya neva ya jicho, na kwenye kioo changu niliiona inavyorudi, uzi mwembamba mweupe ukitafuta njia. Nilimkumbusha masharti: tone moja kila jioni mpaka mwaka uishe. Ukiacha katikati neva inanyauka, na ikishanyauka yote haioti tena.

"Nimesikia mara ya kwanza," alisema. "Macho ndiyo yaliyokuwa mabovu." Akaokota fimbo yake, ambayo hakuihitaji tena, akaondoka zake kimya.

Naetwe, mjukuu wake, aliingia akihema. Alikuwa nje akicheza rede. Mtoto wa selimundu, ambaye mwezi wa tatu alibebwa mgongoni mpaka zahanati akilia mifupa, sasa alikuwa ameangusha mpira ili aje kuchukuliwa damu, na alitaka nifanye haraka maana wenzake wangemtoa mchezoni. Nilikuwa nimemchoma sindano ya kwanza mwezi wa nne. Ile ya kwanza inaufundisha uroto wa mifupa kutengeneza damu ya duara. Ya pili inalifunga somo, uroto usisahau. Asipochomwa ya pili mwezi wa saba, kabla mwezi haujaisha, damu ya zamani inarudi kidogo kidogo, na maumivu yake. Kasha la dawa ile linafunguka kwa kidole cha mwenye leseni hai, na si kwa kidole kingine chochote.

Nakijwa alimvuta mtoto kifuani nilipomaliza, akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mdomo aliufunga kabisa. Alikwishanieleza siku za mwanzo, nilipomuuliza kwa nini watu wa hapa wananuna. "Dawa haishukuriwi, Dokta," alisema wakati ule. "Ukiishukuru inaona kazi yake imekwisha, inaondoka. Tukinyamaza si kwamba hatuoni."

*

Senzota alinikuta nafunga sanduku. Alikuwa mratibu wa huduma wa kata, kazi yake ni kutuangalia watu kama mimi na kututafutia viti.

"Daktari Tusekile, mstari wako."

"Nauona."

"Nimewaandikia Baraza tena. Nimewaeleza kuwa huku dawa haishukuriwi, waweke kipimo kingine."

"Wakasemaje?"

"Wamesema mhandisi wa maji kata ya jirani amejaza mstari katika wiki yake ya kwanza."

"Maji yanashukuriwa."

"Ndivyo nilivyowajibu! Wakaniambia niache kutetea uzembe wa daktari." Alikaa kwenye benchi, akajifuta jasho. "Hakuna daktari mwingine aliyepangiwa hapa mpaka mwezi wa kumi. Huko mjini kwenu foleni ya sindano ya selimundu ikoje?"

"Miaka miwili."

"Basi niruhusu niseme na watu."

"Ukisema umeomba kwa niaba yangu. Leseni inafutwa moja kwa moja, hata mwakani siipati."

Alifikiri. Senzota alikuwa mtu mwema, na watu wema wakifikiri sana wanatisha. "Nikiwaambia tu kwamba Daktari hatarudi baada ya mwezi wa sita? Hiyo si kuomba. Hiyo ni taarifa, na kutoa taarifa ndiyo kazi yangu."

Nilipaswa kusema hapana. Nilijua kabisa taarifa ile itatua nyumba gani. Lakini miguu ilikuwa inaniuma, na wazo la kumpoteza yule mtoto lilikuwa limenikaa kichwani wiki nzima, na pia, niseme ukweli, niliitaka leseni yangu. Sina kazi nyingine ninayoijua.

"Taarifa ni yako," nikamwambia.

Kesho yake, baada ya ibada, akawatangazia.

*

Jumapili mchana nilikwenda kwa kina Nakijwa kumpa majibu ya damu. Yalikuwa mazuri. Nilimkuta uani anachambua maharage, ungo umekaa magotini lakini mikono haifanyi kazi.

"Ni kweli hutarudi?"

"Ni kweli."

"Na sindano ya mtoto?"

"Sitaweza kulifungua kasha."

"Kwa sababu hatusemi."

Kifungo kilikuwa kinasikiliza. Akaweka ungo chini, akasimama, akafunga kanga yake vizuri kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi. "Basi nitasema mimi," alisema. Akavuta pumzi. Midomo ikafunguka, haikutoka sauti. Akajaribu tena. Pembeni, Naetwe alikuwa anaruka kamba, na nikaona jinsi mama yake alivyoisikiliza ile miguu ikigonga ardhi.

Huruma na hasira vilinishika pamoja. "Nakijwa, dawa imo ndani ya mifupa ya mtoto. Haina masikio."

"Kifungo chako kina masikio?"

"Kina."

"Nacho si kidude tu?"

Nikakitazama kwenye kola.

"Una mtoto, Dokta?"

"Ninaye. Mtu mzima sasa."

"Angekuwa yeye, ungesema?"

"Ningesema mara mia."

"Kwa sababu huamini. Mimi naamini. Usinipimie kwa kibaba chako."

Alikuwa sahihi, na nikaona kwamba nikiongeza neno moja nitakuwa naomba, iwe kwa sheria au kwa dhamiri yangu mwenyewe. Nikachukua mkoba wangu. Ndipo Bibi Namkunda akatokea mlangoni, fimbo kwapani, kitenge kimefungwa vibaya, amekuja mbio.

"Nakijwa, kaa chini. Ya mtoto isiguswe."

"Mama..."

"Nimesema kaa. Dokta, dawa ya macho ni yangu au si yangu?"

"Ni yako, Bibi."

"Nikiishukuru inaondoka ya nani?"

"Haiondoki ya mtu yeyote."

"Sikukuuliza wewe unaamini nini." Akamgeukia mkwewe. "Inaondoka ya nani?"

Nakijwa alijibu akitazama maharage. "Ya kwako, mama."

"Haya. Naetwe! Acha hiyo kamba, njoo."

Mtoto akaja. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akalowesha kidole gumba kwa mate akamfuta shavu palipokuwa na vumbi. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Nakijwa, halafu bati la nyumba, halafu mlima wa upande wa pili na mashamba yake ya tangawizi. Nilijua anachofanya. Ningeweza kuvua koti, nikakitupa kifungo chooni, nikakimbia. Nilisimama palepale.

"Asante, Dokta," alisema. Sauti ilimtetemeka, akaikohoa ikanyooka. "Asante kwa macho. Huyu nilikuwa namjua kwa sauti tu. Nimemwona. Asante sana, mwanangu."

Kifungo kikatetemeka kwenye kola. Mstari haukupanda polepole, ulijaa wote mara moja, kijani kutoka ncha hadi ncha, na ile sauti ya mwanamke wa Baraza, tamu kama ya tangazo la benki, ikasema uani kwa watu wote: "Hongera, Daktari Tusekile. Umepokea shukrani ya daraja la juu. Kama unaamini haikutolewa kwa hiari, unaweza kuikana kabla hujavuka mpaka wa kata."

"Bibi, kidude kinaongea!" Naetwe alipiga kelele kwa furaha.

Bibi hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na kichupa cha matone, akanitia mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Bibi, tia leo jioni kama kawaida. Utaona haijaenda popote."

"Nitie dawa niliyoiaga? Nitachekwa na kijiji kizima." Akaniangalia, macho makavu kabisa. "Nenda, Dokta. Kiberenge kitakuacha."

*

Mpaka wa kata ni nguzo nyeupe ya kiberenge, nusu ya safari ya kushuka. Nilikuwa peke yangu garini, kidole kwenye kifungo. Kubonyeza mara moja ni kukana.

Nilijaribu kufikiri kama mtaalamu. Shukrani ilitolewa kwa hiari? Katika maisha yangu sijaona kitu kilichotolewa kwa hiari kuliko kile. Mashine ilikuwa imepima sauti ya mtu anayeaga, ikaona uzito ambao haijawahi kuuona, ikauita shukrani. Pengine hata haikukosea. Nikiikana, leseni yangu inakufa, mtoto anakosa sindano, na kwa imani ya Bibi neno likishatoka limetoka. Macho yake yatakuwa yamekwenda bure. Nisipoikana, nitaendelea kuwa daktari kwa gharama ya macho ya bibi kizee, na mimi ndiye niliyeyatibu.

Hesabu ilikuwa upande wa kunyamaza. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana upande huohuo ndio uliokuwa na leseni yangu, na mtu aliyechoka huiona haki pale penye kitanda. Kama ningekuwa sina cha kupata, ningefikiri vilevile? Nililizungusha swali hilo mpaka kichwa kikauma. Nilitaka mtu mwingine anijibu. Nilimtaka mama yangu, ambaye amefariki.

Nguzo ikapita dirishani. Nikaondoa kidole. Nilijisikia aibu, na chini ya aibu kulikuwa na nafuu, na nafuu ndiyo iliyoniliza.

*

Mwezi wote wa sita zamu za mjini zilinizuia kupanda, nikamtumia Senzota vichupa vya matone, na kila kimoja kikarudi hakijafunguliwa, pamoja na ujumbe kuwa Bibi anasalimia. Mwezi wa saba nilipanda Vudoghe nikiwa na leseni mpya. Kasha la sindano lilikisoma kidole changu likafunguka bila kinyongo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani, mgongo ukutani. Nilipomulika macho, kioo kilinionyesha nilichokitarajia. Uzi mweupe ulikuwa umekauka sehemu kubwa. Sehemu ndogo ilikuwa bado hai.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikatoa kichupa, nikakiweka kwenye kiganja chake. "Bibi, hii ni chupa nyingine kabisa. Imetoka kiwandani juzi. Hii haijashukuriwa na mtu."

Alikipapasa. Akakitikisa sikioni. Nakijwa, aliyekuwa amemshika mtoto, alisogea hatua moja.

"Una akili, Dokta," alisema Bibi taratibu. "Nikitia hii nitaona?"

"Robo. Labda zaidi kidogo. Lakini uanze leo."

"Robo si haba." Aliutabasamia mkono wake. "Lakini nilitoa yangu ili ya mtoto ije. Nikiichukua tena kwa mlango wa uani, ya mtoto itasimama juu ya nini?"

"Juu ya uroto wake, Bibi. Juu ya kazi yangu."

"Kwa kazi yako peke yake hilo kasha lilikuwa halifunguki. Au nimedanganywa?"

Hakuwa amedanganywa. Huo ulikuwa ukweli mtupu, hauhitaji imani ya mtu yeyote, ungeweza kuandikwa kwenye taarifa ya Baraza. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mtu mzima, nikamwambia nitaacha hata kazi, nikamwambia atanionea akikataa. Alinipapasa kichwa akagusa nywele, akauliza nani kanisuka vibaya hivi. Kisha akanirudishia chupa.

"Mchome mtoto," alisema. "Nimechoka kusubiri."

Nikamchoma. Naetwe alikunja uso, hakulia. Dawa ikaingia yote. Nikachomoa sindano, nikabana pamba, na chumbani hapakuwa na sauti yoyote ila kuku waliokuwa nje.

"Senzota aliniambia kitu," Bibi alisema. "Eti ile damu mbovu inajionyesha machoni, kwenye ile nyeupe. Inakuwa ya manjano. Kweli?"

"Kweli, Bibi."

"Mimi nilimwona macho yake yana manjano. Siku ile. Nikadhani ndivyo alivyozaliwa. Yako vipi sasa?"

Nikamgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango. Nilimwangalia vizuri, jicho moja, kisha la pili.

"Meupe, Bibi."

"Meupe kabisa?"

"Kabisa."

"Naetwe, simama mbele yangu nikuone."

Mtoto akaenda akasimama mbele ya kigoda. Bibi aliinua uso, akakaza macho, akatazama kwa makini kando, pale ukutani palipotundikwa ungo. Naetwe akafungua mdomo kumwambia. Mama yake akamtikisia kichwa. Mtoto akamtazama mama yake, akamtazama bibi, akaelewa. Akasogea kwa kunyata, hatua moja na nyingine, mpaka akafika chini ya ule ungo, akasimama wima na kuyafumbua macho yake kwa nguvu zake zote.

"Hapohapo," alisema Bibi. "Usitikisike. Nakuona."